Siku Vikombe Vilipokaba Kona

Benchi la nje ya karakana ya mageti lina miguu mitatu na tofali moja, na wenyewe husema hilo tofali ndilo mguu mzima kuliko yote. Mchana kazi ikipoa, hapo huketi Kocha, mwenye karakana. Redio, kinyozi wa jirani asiyezimika hata umeme ukikatika. Na Msumeno, seremala anayekata kila hoja kabla haijaota. Kahawa humimina Birika, ambaye mpira haupendi ila ubishi anauabudu. Jumamosi hiyo Kocha alikuwa na zigo. Alikuwa amewafundisha vijana wa timu ya mtaa kukaba eneo badala ya kukaba mtu, na wiki iliyopita wakafungwa matatu, yote ya kona. Kamati ya timu haikumung'unya maneno: kwenye mechi ya leo saa kumi, bao jingine la kona likiingia, aache filimbi, abaki na mageti yake. Mwingine angekonda. Kocha alilala fofofo, na sasa alikuwa amekunja nne kama bwana harusi.

— Rudi kwenye mtu kwa mtu, — alisema Msumeno hata hajakaa. — Kila mtu na wake, kama ndoa.

— Ndoa gani! Ukimfuata mtu, anakupeleka anakotaka yeye. Goli umemwachia nani? Beki wangu analinda eneo. Mtu aruke, acheze, apige sarakasi, yeye macho kwenye mpira tu. Birika, lete vikombe vinne.

Vikaja, vimejaa. Kocha akachomoa mfukoni bawaba mbili za mlango, akazisimamisha zikawa nguzo za goli. Mbele yake akavipanga vikombe. Kizibo cha soda kikawa mpira.

— Huyu nguzo ya karibu. Hawa wawili, katikati. Huyu nguzo ya mbali. Mpira ukija kwako, unautoa. Hujaja kwako, unatulia. Kazi imekwisha.

— Na straika wao asiye na mtu? — aliuliza Redio.

— Aje tu.

— Hapo sasa! Wahenga hawakukosea: mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Apone wapi, na tulilala na matatu? — alidakia Birika.

— Haba na haba hujaza kibaba. Wangetufunga yote kwa mpigo, si tungezimia?

Kocha akainama kusogeza kizibo, akakuta pengo.

— Msumeno! Umemnywa beki wangu wa kati!

— Alikuwa anapoa.

— Mrudishe!

Msumeno akarudisha kikombe kitupu, akafuta midomo.

— Si ndiyo nakwambia? Mfumo wako, mmoja akishikwa na kiu, nyumba nzima imevamiwa.

— Ninyi hamjaona tatizo, — Redio akapandisha sauti. — Tatizo ni macho. Beki akiona jitu refu linaruka, moyo unamtoka. Kona ikipigwa, wote wafumbe macho, wausikilize mpira unavyovuma. Nani amewahi kuona popo kajigonga ukutani?

— Na kipa afumbe? — aliuliza Kocha.

— Kipa anafumba tangu zamani. Kilichobaki ni kumfundisha kusikiliza.

— Macho si kitu, — alikata Msumeno. — Eneo bila mpaka si eneo. Nipeni vigingi na kamba, nimzungushie kila beki kiwanja chake. Akikanyaga kwa jirani, kesi.

— Mnahangaika bure, — alisema Birika. — Penye wazee haliharibiki neno. Mchukueni shemeji yangu. Goti lake bovu, hahami hata akitaka. Beki wa eneo mtampata wapi zaidi ya huyo?

Kocha alicheka mpaka benchi likatikisika na tofali likalalamika. Alikuwa anawapenda watu hawa, na aliwapenda zaidi walipokosea.

— Chekeni. Jioni mtanibeba mabegani. Mfumo hauna kasoro hata ya nywele. Waliolala ni watu, hasa namba tano. Kona zote tatu zilimdondokea puani, naye kasimama kama geti lililoganda kwa kutu.

Mama mmoja alikuwa amesimama kando ya geti jipya, mkoba begani. Walimdhani mteja.

— Hamjambo, baba zangu?

— Hatujambo, mama. Geti au dirisha?

— Nina swali tu. Hivi vikombe ndio mabeki?

— Ndio hao.

— Na kila mmoja ana sehemu yake.

— Umeshawashinda hawa wote! — alisema Kocha, kifua mbele.

Mama akakiokota kizibo. Akakitua baina ya vile vikombe viwili vya katikati, si huku wala huku.

— Na huu ni wa nani?

— Wa kulia! — alisema Kocha.

— Wa kushoto! — alisema Redio.

— Wa kipa! — alisema Msumeno.

Walisema kwa pamoja, kisha wakatazamana. Birika alibaki na birika hewani.

Kocha alinyoosha kidole kukisogeza kizibo, akakirudisha kidole. Aliwafundisha vijana eneo la kila mmoja linaanzia wapi. Linaishia wapi, na nani ahusike pale wawili wanapokutana, hakuwahi kutamka. Wiki iliyopita alikuwa pembeni ya uwanja akipiga kelele: "Wako! Wako!" Mabeki wote wawili walimgeukia, kila mmoja akijua anaambiwa mwenzake. Nyuma yao wavu ukacheza. Na yeye akasema wamelala.

— Mama, wewe ni...

— Namba tano ni mwanangu. Asubuhi amegawa viatu vyake vya mpira. Anasema hachezi tena, maana mtaa mzima unamzomea na mwenyewe hajui alikosea wapi. Mimi mpira siujui. Nikasema niulize kwa mwalimu wake, nikamweleze.

Aibu ilimpanda Kocha kuanzia shingoni.

— Mwambie hakukosea, — alisema.

— Ataniuliza, basi mpira ulikuwa wa nani?

Redio akasogea kumnong'oneza, ila mnong'ono wa Redio husikika mpaka ng'ambo ya barabara.

— Sema wa kulia, yaishe! Kamati ikisikia mwalimu mwenyewe hajui, saa kumi hutafika na filimbi.

— Isikie, — alisema Kocha.

Akasimama, akajipangusa vumbi la chuma mapajani.

— Sijui, mama. Nipeleke kwake, nikamwambie kwa mdomo wangu.