Cheti chenye Jina la Idarus

Sikizani, wanangu Taha na Alawiya, lakini mlango ufungeni kwanza, kwani ami yenu Idarus tangu niugue haondoki barazani kwangu, ati yuwaniuguza. Mimi Mwanatumu binti Kamaludin nasema nikiwa na akili zangu timamu: nyumba hini ya Bondeni niliirithi kwa baba yangu, nami nawaachia nyinyi, na yuko mtu anayeitaka.

Mwaka jana alipokufa baba yenu, kodi ya nyumba ya miaka mitatu ilikuwa haijalipwa, kwa maana vyote tulivyokuwa navyo vilikwenda kwa dawa zake. Karani akaja na askari, akatupa wiki moja. Na mimi nimo edani, siwezi kutoka kwenda afisini nikasimama mbele ya wanaume. Idarus akaniambia kwa upole nyuma ya pazia, "Shemeji, usijisumbue, mimi nitakulipia." Nikalia kwa shukrani. Akalipa mwaka mmoja, rupia tatu, akaniletea cheti, nami nikakitia sandukuni hivyo hivyo, kwani kimeandikwa kizungu na mimi najua herufi za Kiarabu tu.

Mwaka mzima nimemuombea dua mtu yule. Juzi serikali ilipotangaza kila mwenye nyumba apeleke ushahidi wake, nikampa Sherali muuza nguo cheti kile anisomee. Akakisoma mara mbili, kisha akasema, "Bibi, mwenye nyumba hapa ameandikwa Idarus." Huenda karani alikosea. Huenda. Lakini Idarus hugombana na muuza kahawa kwa pesa mbili, rupia tatu alizonilipia mbona hajanidai hata mara moja?

Taha, kesho asubuhi nenda afisini kwa karani kwa miguu yako, usingoje wakufuate na askari. Sema kweli: tuliuguza, tukafiwa, hatuna kitu, twaomba kulipa deni la miaka miwili iliyobaki kidogo kidogo. Vipuli vyangu viuzwe kwa sonara, na Alawiya afuatane nawe mpaka dukani. Usininunie. Kanzu hiyo mpya sijui umepewa na nani, na kwa Idarus wenda kula halua kila Ijumaa. Usitoke afisini mpaka jina langu liandikwe, kisha Sherali akisome cheti kipya, na akisoma mtazameni usoni.

Nikifa, Idarus asinunue sanda, wala pamba, wala asiwalipe wachimba kaburi. Shuka yangu hini ifueni, yanitosha. Atataka kusimama mlangoni kupokea watu wa matanga kama kwamba ni kwake, msimpishe.

Nipani maji... Alhamdulillahi. Alawiya, radhi zangu unazo, Mola akupe watoto watakaokutunza kama ulivyonitunza. Taha, sogea, mato yangu yaingia kiza. Nalitaka kuzizuia radhi zako mpaka urudi na cheti... lakini pumzi hini hainifikishi kesho. Basi nimekupa. Nimekupa, mwanangu, na moyo bado haujakuamini... Mungu ajaalie iwe nimekudhania vibaya.