Mwanafunzi wa Asilimia 54 Hayupo Darasani

Mama mgeni rasmi, Inspectrice Godelive Syauswa, mkaguzi wa shule zetu, Baba Préfet, mkuu wa shule, wazazi wetu wapendwa:

Sisi, wanafunzi wa darasa la nne la sekondari hapa Vulamba, tunafurahi kukupokea humu darasani mwetu. Tumefagia mara mbili, na waliokwepa kufagia tunawajua.

HISTORIA YA OMBI LETU

Mwaka jana tuliomba kuhamia salle ya parokia, ukumbi ambao hukaa tupu Jumatatu hadi Ijumaa. Ofisi yako ilijibu kwa barua kwamba wastani wetu ni asilimia 54, sawa kabisa na wenzetu wa Bungulu kule Beni, ambao hawajalalamika. Kwa hiyo hatuna tatizo.

Tulimtafuta huyo mwanafunzi wa 54 ili tumpongeze. Tuliita majina yote sitini na mawili. Hayupo.

MAFANIKIO

Mwalimu wetu wa hesabu, Kahongya, alitufundisha kumtafuta vizuri. Tulichora mstari wa chaki sakafuni, toka sifuri hadi mia, na kila mmoja akaweka kifuniko cha chupa juu ya alama zake. (Vifuniko tuliviokota; wazazi wasiwe na hofu.) Wenzetu wa Bungulu walitutumia alama zao kwa simu, nazo tukazipanga vilevile. Vifuniko vyao vilifanya kilima kimoja, kati ya 48 na 60. Vyetu vilifanya vilima viwili, kimoja karibu na 80, kingine karibu na 28, na katikati bonde lisilo na mtu. Wastani ni uleule.

Tunakiri kosa. Tulipohamishia michoro kwenye karatasi, tuliubana wa Bungulu na kuutanua wetu, ili wewe ushtuke. Mwalimu akasema, "Hii ni uongo yenye munachora na rula. Mufute." Tukafuta. Michoro unayoiona ukutani ina kipimo kimoja.

CHANGAMOTO

Kilima cha 28 chote hukaa upande wa mashine ya kusaga unga ya jirani, inayonguruma toka saa mbili hadi saa sita. Hatumlaumu mwenye mashine, maana fufu yetu inatoka kwake.

Mwenzetu Kavugho hukaa huko. Anasema, "Miye naonaka tu kinywa ya mwalimu inatembea. Maneno, hapana." Alipata 27. Baba yake ameapa kwamba akishindwa tena Juni atabaki shambani. Jambo hilo linatuuma sana.

Basi tulibadilishana viti kwa wiki tatu. Kwenye interro, jaribio la darasani, Kavugho akapata 74. Josaphat, ambaye huwa wa kwanza na hutukumbusha kila siku, akapata 30. Alilia, nasi tulimfariji, ingawa hatukuharakisha.

OMBI

Mama, tunaomba sahihi yako ili tupewe ufunguo wa salle kabla ya mitihani ya Juni.

Tunaomba radhi pia. Kiti ulichokalia tumekiweka kwa makusudi mahali pa Kavugho, na mashine imewashwa saa mbili kama kawaida. Nakala ya risala utapewa mkononi. Ikiwa umekuwa ukitikisa kichwa kukubali maneno usiyoyasikia, usione haya: Kavugho hufanya hivyo kila siku.

Mungu akubariki, akufikishe nyumbani salama, na kalamu yako isikauke wino leo.

Ni sisi watoto wako,
Wanafunzi wa darasa la nne, pande zote mbili, Vulamba, Butembo.
Msomaji: Bénite, wa upande wa 80.