Vidole vya Bi Rangi

Leo Ijumaa, tarehe 30 Juni, Bi Rangi anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika kiwanda chetu cha hina. Jamani, tangu tangazo libandikwe mlangoni hakuna aliyetulia. Fundi wa mashine anafungua na kufunga kinu kisicho na kasoro, meneja anazunguka kama aliyepoteza funguo, na mimi ninayeachiwa meza yake nimeshaifuta mara kumi.

Alianza uani, akitandaza majani ya mhina kivulini na kuyageuza yasivunde. Akahamia kwenye chekeche, kisha chumba cha kupimia, na hapo hakubanduka tena. Aliletewa vitambaa vya kujaribia rangi, akavifanya vya kufutia meza. Kwake yeye, kila mzigo ulipewa kidole. Anakanda unga kwa maji ya vuguvugu na limao, anapaka, anafunga, na kesho yake asubuhi anakiangalia dirishani. Hina huanza na rangi ya chungwa, halafu hukolea yenyewe taratibu. Ndiyo maana hakuwahi kupitisha gunia siku hiyo hiyo, hata lori lipige honi mpaka lichoke.

Kwa vidole hivyo, kila mlinzi mpya getini alimpongeza kwa harusi. Mumewe akija kumchukua alikuwa akijibu kwamba bibi harusi ni yule yule, na bwana harusi naye hajabadilishwa bado.

Kuna siku alifua nyumbani kwa dawa ya madoa, rangi ya kidole ikapauka, akakataa mzigo mzima ambao haukuwa na tatizo lolote. Bi Rangi mwenyewe ndiye aliyeligundua kosa, akaomba radhi mbele ya wapakiaji, na tangu hapo mumewe ndiye anayefua. Shemeji, simama tukupigie makofi!

Mnunuzi mmoja alipotaka tutie kemikali ili hina itoke nyeusi upesi, meneja aliyumba kidogo. Bi Rangi alimwambia mnunuzi ajipake yeye kwanza, usoni. Hatujamwona tena.

Sasa kuna magunia ya mkulima mpya yanayoninyima raha. Unga wake una kijani cha kufifia, na nahisi majani yalipigwa na jua. Tukiyakataa bure, mkulima ameumia. Tukiyapitisha mabovu, jina zuri alilotujengea Bi Rangi linachafuka. Leo asubuhi nikampelekea bakuli la unga huo uliokandwa, nikijua atanyoosha kidole. Wapi! Akauvuta mkono wangu, akanipaka kidole cha shahada, akafunga. Nikamwambia mimi bado sijui. Akacheka, akasema najua sana, ila nimezoea kubebwa. Akaongeza kwamba kesho nisimpigie simu, atakuwa amelala.

Basi naandika haya kwa mkono wa kushoto. Makosa mtakayoyaona, mlaumuni yeye.

Ahsante, Bi Rangi, kwa kutuwekea ngozi yako dhamana miaka yote hii. Tunakutakia maisha mema, afya, na asubuhi nyingi za kuamka ukiwa huna kidole cha kukagua. Tutakukumbuka, na wengine tumeshaanza.

Kesho nitasimama kwenye dirisha lako, nifungue kitambaa, niangalie mwenyewe. Simu nitamwachia mlinzi.