Misumari Mitatu ya Bwana Mwewe

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi, mpiga picha wa Idara ya Majengo atakabidhi ufunguo wa chumba cha giza anamosafishia filamu, na kustaafu. Sote tunamwita Bwana Mwewe, kwa chapa ya kamera aliyoanza nayo kazi na ambayo hakuisaliti hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha nyufa. Kila jengo la umma lililotiliwa shaka alilirudia mwaka hadi mwaka, mwezi ule ule, kwa lenzi ile ile. Sakafuni alipigilia misumari mitatu ya shaba, ikalala sawa na saruji, ili miguu ya stendi yake isimame palepale iliposimama mwaka uliotangulia. Karani wa mapokezi hupenda kusema kwamba mwewe wa watu huchukua vifaranga, wa kwetu huchukua nyufa. Mkewe naye huiita kamera hiyo mke mwenza, na hulalamika kuwa mwenziwe huyo hajaosha hata sahani moja tangu aletwe nyumbani. Bwana Mwewe husikiliza yote huku akipangusa lenzi.

Kila mara idara ilipotaka kununua chapa nyingine, aliandika barua ya kupinga. Tulimwona mbishi. Sababu yake ilikuwa moja: lenzi ya Mwewe haishiki katika kamera isiyo Mwewe.

Miaka sita iliyopita iliamuliwa kamera zote za filamu zirudishwe ghalani, zitumike za kidijitali. Waraka huo niliuandika mimi, mkuu wa masijala. Juma lile lile ilibidi uthibitishwe usalama wa ukuta wa wodi ya wazazi, katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara. Wodi ilikuwa ifunguliwe tena saa nane mchana, na kina mama walikwisha kuketi ukumbini na vifurushi vyao.

Picha za kamera mpya zilionyesha ufa mwembamba, kama siku zote. Mhandisi mkuu, mama makini asiyependa mchezo, akaridhika. Bwana Mwewe akakataa kutia sahihi. Alieleza kwamba picha ni nzuri, ila haiwezi kupimwa na za nyuma, kwa kuwa lenzi si ile. Akaomba muda wa saa tatu.

"Mzee wangu," mhandisi alimwambia mbele yetu sote, kwa upole uliouma, "usiwakalishe wazazi kwenye mabenchi kwa ajili ya mapenzi ya kamera."

Bwana Mwewe alinitazama mimi, na mimi nikautazama waraka wangu.

Ruhusa aliipata, lakini kamera aliyoitoa ghalani ilimwaibisha. Filamu ilitoka chumba cha giza ikiwa tupu kama kioo. Pazia la ndani, linaloruhusu mwanga kuingia, lilikuwa limekwama. Saa moja na nusu ikawa imepotea, na wakunga wameanza kutandika vitanda. Akaichomoa lenzi, akaifunga kwenye Mwewe wa pili wa pale ghalani, akatia filamu ya mwisho, akavuka tena barabara kwenda kusimama kwenye misumari yake.

Saa saba na nusu aliilaza filamu hiyo, ingali mbichi, juu ya filamu ya miaka tisa nyuma, kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Mlango ukalalia mlango, dirisha likalalia dirisha, mstari kwa mstari. Ufa peke yake ulionekana nyufa mbili, kama nywele mbili zilizoachana, na kadiri jicho lilivyopanda ndivyo zilivyozidi kuachana. Ukuta ulikuwa ukifunguka kuanzia juu.

Mhandisi aliinama kiooni kwa muda. "Waondoeni," alisema. "Na vitanda pia."

Siku ya tatu, adhuhuri, baada ya mvua, ukuta uliangukia ndani ya chumba kitupu.

Nilifundishwa chuo cha Kurani, ningali mdogo, kwamba ushahidi ni amana, na kwamba amana haibadilishwi eti kwa kuwa mtunzaji wake anachekwa. Mimi niliyahifadhi maneno hayo, yeye aliyatenda. Waraka ulifutwa siku ile ile, ila radhi sikumwomba. Namwomba leo, mbele ya wenzetu.

Idara imemzawadia Bwana Mwewe ile kamera iliyokwama. Mkewe ametuma salamu kwamba mke mwenza mzee si tishio, atapewa kabati.

Bwana Mwewe, tunakushukuru. Mwenyezi Mungu akujaalie siha, utulivu na uzee wenye baraka kati ya watoto na wajukuu. Juma lililopita ulipigilia misumari mitatu mbele ya ukuta mpya wa wodi ile, ukapiga picha ya kwanza, ukaandika tarehe juu ya bahasha. Bahasha hiyo imo masijala, na lenzi iko kando yake. Mwakani, mwezi huu huu, atakayeshika zamu yako atajua pa kusimama.