Wimbo wa Kumzika Mama

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa yake yote asubuhi hii.

Mnanijua. Mimi ni yule mzee wa violonseli, ile fidla kubwa ambayo muntu anaipiga ameketi, ameibana kwa magoti. Baba alifanya kazi kwenye migodi ya shaba, tukakaa kambini, na padri mmoja wa misheni akanifundisha. King'ora cha kiwanda kikilia baba anaondoka, mimi nakamata upinde wangu. Akina mama wakisonga bukari, ugali wetu, walinicheka: "Huyu naye, kila siku iko anakata mbao, na haikatike!" Nawakumbuka sana wale mama.

Mbao ile ilinifikisha mbali. Enzi za Zaire redio ilinitaja, nilipiga Kinshasa, nilipiga Bulaya, wazungu wakasimama kunipigia makofi. Hawakujua kwamba kabla ya kupanda jukwaani nilikunywa lutuku, pombe kali ya kupika nyumbani. Mwanzoni ilikuwa ya kutoa woga. Baadaye, nisipokunywa, mkono ulitetemeka na upinde ukarukaruka juu ya nyuzi. Nikaamini kipaji changu kinakaa ndani ya chupa. Ujinga mtupu!

Mama yangu aliimba katika kwaya hii hii. Alipougua aliniomba kitu kimoja tu: "Siku banaenda kunizika, unipigie wimbo. Lakini siku ile usikunywe, mwanangu." Nikaahidi. Baada ya siku tatu akafa.

Asubuhi ya mazishi rafiki yangu alinivuta nyuma ya nyumba, ameshika kikombe. Ndugu zangu, sitawadanganya, nilikipokea. Nilikinusa. Kisha nikakimwaga chini nikaenda kuketi karibu na jeneza, nikijua nitaaibika mbele ya watu wote.

Na kweli niliaibika. Upinde ulitetemeka, sauti ikatoka vipandevipande, nikaacha. Watu wakatazama chini. Ndipo Mama Kalenga, kiongozi wa kwaya, akaniambia taratibu: "Anza tena, papa. Tutakufuata."

Nikaanza. Nilipokwama, wanakwaya walilivuta neno moja, wakalivuta, wakaningoja. Hakuna aliyenipita. Ubeti wa tatu mkono ukatulia, nikampigia mama yangu wimbo wake mpaka mwisho, machozi yakinitiririka.

Haikuisha siku ile. Majuma mengi niliteseka kwa kiu, na mama wa kwaya wakaja nyumbani kuniombea, zamu kwa zamu. Leo wengi wao wamelala. Nikipita kwenye benchi lao moyo unaniuma, lakini lutuku sijaionja tena. Namshukuru Mungu aliyenifungua, nawashukuru na wao.

Na wewe unayesema utakuja kwa Yesu ukishapona kwanza, mimi sikungoja kupona. Njoo ukitetemeka.