Bi Asya Haroub, Msokota Kamba wa Wambaa

Wasikilizaji wapendwa, Bi Asya Haroub wa Wambaa hatunaye tena. Alifariki Jumatatu, akazikwa Jumatatu hiyohiyo. Alikuwa msokota kamba. Narudia: msokota kamba. Narudia kwa sababu wapo waliosimuliwa mengine.

Kwenye mkondo wa maji ya chumvi unaopita kati ya mikoko, Bi Asya alikuwa na shimo lake. Maji yakipwa, alifukia makumbi ya nazi topeni, akayakandamiza kwa mawe. Yakae miezi, yalainike, ayafukue, ayaponde, asokote. Ndiyo kazi aliyoachiwa na mama yake.

Zikaja boti za watalii. Suhail, kijana anayewatembeza, akawaonyesha lile shimo na kuwaambia ni mahali pa uchawi. Bi Asya aliposikia, akamsubiri ufukweni.

"Mwanangu, mie mchawi?"

"Usinune, Bi Asya. Hawa wamekuja Pemba kutafuta uchawi. Nikiwaambia kamba, wanasinzia."

"Basi waache wasinzie!"

Mwaka jana wageni wawili walishuka, wakayaondoa mawe waone kilichofichwa. Makumbi ya miezi mitano yakachukuliwa na maji. Binti yake, Khairat, anakumbuka: "Mama hakulia. Alikaa topeni akasema, 'Si wangeniuliza tu?'"

Siku moja akajikaza, akapanda boti na kamba mkononi. Akawapa wageni waivute kwa nguvu zao zote. Haikukatika. Wakashangilia. Kisha mmoja akauliza jambo, na Suhail akalitafsiri huku anatazama chini: "Anauliza, hii ndiyo ya kufungia mashetani?"

Bi Asya alishuka bila kuaga.

Siku ya tatu ya msiba, boti ilipita tena. Suhail akanyoosha kidole kulekule shimoni. Khairat akawaacha waliokuja kuhani, akaingia kwenye maji hadi magotini, kanga zimeloa.

"Waambie! Msokota kamba kafa! Waambie hivyohivyo!"

Suhail akawaambia kitu. Wageni wakampiga Khairat picha.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Khairat na jamaa wote wa Wambaa. Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Asya. Nanyi mnaotembea na mnaotembeza watu, tafakarini. Mtu aliyeinama topeni ana mdomo, na jina analo. Bi Asya alingoja kuulizwa kazi yake mpaka akaingia kaburini.