Kwa Suren Mwokaji

"Huu ndio mnaouita ukarabati?" bibi mwenye kikapu cha matango alimfokea bwana aliyevaa tai, afisa ujenzi wa jiji, aliyekaa kando yake ndani ya basi dogo la Tbilisi. Eteri, kiti cha nyuma, akatega sikio bila haya. "Mmebakiza ukuta wa mbele tu!"

"Mama, roshani zile za mbao zilikuwa zimeoza. Mlitaka ziangukie watoto?"

"Si mngezitengeneza! Uani kwetu tulikaa Waarmenia, Wayahudi, Wakurdi na sisi Wageorgia, bomba moja la maji, na hakuna aliyekufa kiu. Leo ni hoteli, eti 'Ua wa Kale'. Mimi niliyezaliwa mle, mlinzi ananiuliza nimekuja kumwona nani!"

"Majengo mabovu hayatupi mkate, mama. Hoteli inatupa."

Bwana akainuka, akapaza sauti: "Dereva, nishushe kwa Suren mwokaji!"

Duka la mikate la Suren lilibomolewa miaka minne iliyopita. Dereva hakuuliza ni wapi. Alifunga breki palepale, mbele ya uzio wa mabati.

"Haya, shuka mwanangu," bibi akasema, akisogeza kikapu. "Wahi mkate ungali moto."